Mkono wa Dola na Daftari la Mahudhurio

(Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Lingeka, Bariadi)

Nasimama mbele yenu hapa Lingeka kunena juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu anaijua sehemu yake, ijapokuwa ni nadra sehemu hizo kukusanywa mahali pamoja zikatazamwa. Mwalimu ajua kuwa mwanafunzi wake hakuja tangu Jumatatu. Mama ajua kuwa mwanawe alilala kituoni. Mgambo ajua kuwa alitumwa kumkamata. Na hakimu, miezi mingi baadaye, ajua kuwa shauri liliondolewa kwa kukosa mashahidi. Lakini haipo ofisi hata moja iyajuayo yote manne, na kwa sababu hiyo hasara inayotokea baina yao haina mwenyewe.

Rai yangu nitaitaja mapema, ili asiyeafiki apate muda wa kuipima tukiendelea. Nasadiki kwamba kila mtoto wa shule akutanapo na polisi, au na mtu yeyote mwenye amri ya kukamata, mahudhurio yake hupata jeraha, awe na hatia au asiwe nayo, awe mshitakiwa, shahidi au mdhulumiwa. Na nasadiki vilevile kwamba jeraha hilo aghalabu linazuilika, kwa sheria ambazo tayari tunazo na kwa watu ambao tayari wanalipwa mishahara, tukiamua tu kuwa kurudi kwa mtoto darasani ni sehemu ya kazi ya kila anayemgusa.

Yatupasa kwanza kumtambua polisi ni nani katika maisha ya mtoto wa huku. Mtoto wa Dar es Salaam humjua kwa sare nyeupe ya askari wa usalama barabarani, ambaye hupishana naye kila asubuhi bila ya kugutuka. Mtoto wa vijiji vya Bariadi, ambaye kituo cha polisi kwake ni safari, hukutana na dola kwa nyuso nyingine: mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata wenye mihuri yao, mgambo wenye virungu, sungusungu wa kitongoji, na kwa wale wachungao mifugo upande wa Serengeti na wa Pori la Akiba la Maswa, askari wa wanyamapori. Sheria yenyewe iliwakurubisha watu hawa tangu zamani, kwa kuwa mgambo walipewa uwezo wa kukamata kwa sheria ya mwaka 1975, na sungusungu wakaingizwa katika hesabu hiyo kwa marekebisho ya mwaka 1989. Kwa hiyo ninenapo polisi leo nawakusudia hao wote, kwani machoni pa mtoto wa darasa la sita hapana tofauti baina ya askari aliyefunzwa Moshi na jirani aliyekabidhiwa kirungu jana. Wote wawili waja na amri ya kumchukua.

Tena hofu hii ina nasaba. Mwaka 1976, eneo letu hili likiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, ulifanyika msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wa kuwatafuta wauaji, hasa wauaji wa watu waliotuhumiwa uchawi. Madhumuni yalikuwa mema, maana damu ilikuwa ikimwagika. Walakini wengi wa waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa walinzi wao. Habari hizo zilipothibitika, Ali Hassan Mwinyi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, akaibeba dhima ya matendo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake, na kwa hilo anastahili kukumbukwa kwa taadhima. Lakini kujiuzulu kwa waziri hakukufuta kumbukumbu za vijijini. Aliyekuwa kijana mwaka ule leo ni babu, na mjukuu hurithi kwake, pamoja na ng'ombe na majina, desturi ya kukimbia aonapo askari. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipokithiri, Wasukuma na Wanyamwezi walijiundia ulinzi wao, sungusungu, wenye mtemi wao, katibu wao na mwano wao, lile yowe ambalo kila mwanamume alisikiapo yampasa kutoka na silaha yake. Na kuzaliwa kwa jeshi hilo la jadi kulikuwa ushahidi kwamba watu waliitamani amani lakini hawakutumaini kuipata kituoni.

Mtoto wa leo, basi, haingii katika habari hii akiwa mtupu. Kabla hajakamatwa amekwisha kufundishwa na watu wa nyumbani kwamba kukamatwa ni msiba.

Sasa twende shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humlazimu mzazi amwandikishe mtoto na ahakikishe kuwa anahudhuria mpaka amalize, na azembeaye ni mkosa. Ni sheria njema, nami simo miongoni mwa wanaotaka ilegezwe. Tangu mwaka 2016, elimu ilipotolewa bila ada mpaka kidato cha nne, udhuru wa karo nao umeondoka. Lakini utoro ungalipo, na sababu zake mwazijua kuliko mimi: msimu wa kupalilia, msimu wa kuchuma pamba, ng'ombe wasio na mchungaji, siku ya mnada, njia ndefu ya mvua, njaa ya mchana. Hapo ndipo mamlaka hukumbuka kirungu. Mtendaji na mgambo hupita nyumba kwa nyumba. Baba hutiwa ndani mpaka alipe faini au aweke ahadi. Watoto walioonekana mashambani na mnadani huswagwa mpaka shuleni. Siku ya pili madarasa hujaa, na taarifa huandikwa kwenda juu kwamba utoro umekomeshwa.

Lakini tazama juma la tatu. Ndama apigwaye mlangoni pa zizi hujifunza kulikimbia zizi. Baba aliyeuza mbuzi kulipa faini hamwoni mwanawe kuwa sababu ya fahari tena, humwona kuwa sababu ya hasara. Na kwa vile watu wetu wametapakaa na mifugo yao mpaka Katavi, Rukwa na Morogoro, hapakosi mjomba wa kumpokea mtoto huko, ambako daftari la shule halimfuati. Msako umemtoa mtoto katika utoro wa rejareja ukamtia katika utoro wa daima. Nimewasikia walimu wakilisema hili kwa masikitiko, kwa sauti ya chini, kwa kuwa wao ndio waliopeleka majina ofisini na hawakukusudia matokeo hayo.

Nitakaa kitambo zaidi kwa binti, maana hapo ndipo jambo hili lina uchungu wote. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume amwoaye mwanafunzi au ampaye mimba. Hapana mtu mwenye insafu asiyeona kuwa sheria hiyo ilitungwa kumlinda mtoto, na katika nchi ambayo binti angali akihesabiwa kwa ng'ombe, ulinzi huo ulihitajika. Lakini tumfuate binti mwenyewe, tuache kidogo kumtazama mwanamume. Tuseme ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Pikipiki ya askari yasimama mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, madirisha yote yageuka kuwa macho, jina laitwa, naye ainuka katika dawati lake mbele ya wenzake arobaini. Kituoni apewa PF3, ile fomu ya polisi, aende hospitali akapimwe na mtu asiyemjua. Arudi aandike maelezo. Aulizwe jina la mwanamume. Usiku huohuo, wakati yeye hajapata usingizi, wazee wa pande mbili wamekaa wakihesabu ng'ombe, na kabla ya alfajiri ameambiwa na mamaye, kwa machozi, kwamba akilitaja lile jina nyumba itavunjika. Kituoni aambiwa kwamba asipolitaja anaficha mhalifu. Huyu ndiye mdhulumiwa, na sheria ilitungwa kwa ajili yake.

Kisha huanza mahakama. Shauri hutajwa, na kuambiwa upelelezi haujakamilika; hutajwa tena, shahidi mmoja hayupo; hutajwa tena, hakimu yuko safarini. Kila tarehe ni siku ya shule iliyopotea, na aghalabu ni mbili, kwa kuwa asubuhi yake lazima itumike njiani na kesho yake kuna aibu ya kuulizwa alikokuwa. Mwishowe familia huona njia moja ya kulimaliza jambo, nayo ni kumtoa binti machoni pa watu. Hupelekwa Mwanza kwa shangazi, akalee watoto wa wengine. Shahidi akikosekana, shauri huanguka. Mwanamume hurudi mnadani, binti harudi darasani, na katika hesabu za polisi na za shule pia hapana mahali palipoandikwa kwamba hili ni tukio moja.

Wala tusisahau kwamba ulikuwako wakati ambapo binti mwenyewe aligeuzwa mshitakiwa. Juni 2017, huko Chalinze, Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Na Januari 2018, huko Tandahimba katika mkoa wa Mtwara, polisi waliwakamata wanafunzi wenye mimba pamoja na wazazi wao, ili, kama ilivyoelezwa, wasaidie kuwapata waliowapa mimba. Fikirini binti wa Bariadi aliyesikia habari hiyo redioni akiwa na siri tumboni. Je, angemwendea mwalimu? Angeliendea Dawati la Jinsia na Watoto la polisi? Habari moja ya kukamatwa husafiri nchi nzima, ikawafukuza shuleni mabinti ambao hakuna askari aliyewahi kuwaona. Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza mlango kufunguliwa, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukawaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea; na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba kuwapima mimba wanafunzi kwa lazima na kuwafukuza kulikiuka haki zao. Mlango uko wazi leo, alhamdulillahi. Lakini kwa binti aliyekwisha kupita kituoni, mlango wa darasa na mlango wa kituo imefanana, na waraka pekee hauwezi kuitenganisha moyoni mwake.

Juu ya mvulana nitasema kwa ufupi zaidi, si kwa kuwa taabu yake ni ndogo, ila kwa kuwa njia yake ni fupi. Huyu hukamatwa akiendesha bodaboda ya kaka yake bila leseni, au akichunga ndani ya mpaka wa hifadhi, au baada ya ugomvi wa ngoma, au kwa sababu kitu kimeibwa dukani naye alionekana jirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwekea ngome ambayo wengi wetu hatuijui: kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwamba asichanganywe na watu wazima mahabusi, kwamba, isipokuwa kwa makosa mazito na hali maalumu, polisi yawapasa kumwachia kwa dhamana, kwamba shauri lake lisikilizwe katika mahakama ya watoto, faraghani, mbele ya mzazi na afisa wa ustawi wa jamii, na kwamba mtoto hahukumiwi kifungo. Ni sheria ya kupigiwa mfano. Walakini ngome hii ina lango bovu, nalo ni umri. Watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, na askari asiye na cheti cha kutazama hutazama urefu na ndevu. Na kijana wa Kisukuma aliyelelewa kwa maziwa na jembe akiwa na miaka 15 huonekana mtu mzima. Akishaandikwa miaka 18 katika kitabu cha kituo, sheria yote niliyoitaja humkimbia. Hata anapotambuliwa kuwa mtoto, afisa wa ustawi wa jamii ni mmoja kwa watu wengi mno, na shule ya maadilisho iko Irambo, mkoani Mbeya, mbali kiasi ambacho mama wa Lingeka hawezi kwenda kumjulia hali mwanawe.

Pengine mtu ataniuliza kama haya ni maoni ya mtu mwenye huruma tu. La, yamepimwa, ijapokuwa yamepimwa zaidi kwa wenzetu wa ng'ambo. Katika mji wa Chicago, David Kirk na Robert Sampson waliwafuatilia vijana wa shule, wakaona kuwa katika waliokamatwa, asilimia 73 waliacha shule, na katika wasiokamatwa, asilimia 51. Na pengo hilo walilipata kwa kulinganisha vijana waliofanana kwa umasikini, mwenendo na makazi. Gary Sweeten naye alitafuta kujua kipi kinaumiza zaidi, kukamatwa au kufikishwa mahakamani, akaona kuwa kukamatwa mara ya kwanza karibu huzidisha maradufu uwezekano wa kuacha shule, na kusimama mahakamani karibu huuzidisha mara nne. Huko Los Angeles, Desmond Ang alionyesha kwamba polisi wakimwua mtu mtaani, wanafunzi waishio karibu na mahali pale, ambao hawakuguswa na askari yeyote, hukosa shule siku zinazofuata, na alama zao hushuka kwa mihula kadhaa. Na New York, Joscha Legewie na Jeffrey Fagan waliona kwamba mitaa iliyomiminiwa askari wa kusimamisha na kupekua watu ilishuhudia alama za wavulana weusi zikipungua.

Naijua hoja ya kwamba Bariadi si Chicago. Ni kweli, huko silaha ni nyingi, rangi ya mtu ni sababu ya kutuhumiwa, na shule zenyewe zilikuwa na askari mpaka mwaka 2024. Lakini sababu zilizoonekana huko hazina uraia. Mtoto mwenye hofu hajifunzi. Mtoto mwenye haya hajitokezi. Mtoto aliyekosa siku tano za hisabati hupotea katika siku ya sita hata akiwapo. Na mwalimu aliyesikia kwamba mwanafunzi wake alikamatwa humtazama kwa jicho jingine, kabla ya kuuliza kwa kosa gani. Kama kuna tofauti, basi sisi tuna hali ngumu zaidi, kwa sababu kijana wa Chicago akishindwa shule moja huhamia nyingine mtaa wa pili, na kijana wetu shule yake ya kata ni hiyohiyo, yenye wanafunzi walewale waliomwona akipandishwa pikipiki.

Nawaomba mlitazame daftari la mahudhurio kwa karibu. Mwalimu wa darasa aita majina asubuhi na kuweka alama mbele ya kila jina. Kijana aliyeshikwa Jumatatu kwa tuhuma ya kuku, akaachiwa Alhamisi bila ya kushitakiwa kwa sababu mwizi halisi amepatikana, ana alama tatu za kutokuwapo. Mwenzake aliyekwenda kuogelea lamboni siku hizohizo ana alama tatu zilezile. Daftari halijui tofauti. Wote wawili watasimamishwa mstarini pamoja na watoro wengine, na yule wa kwanza, ambaye dola lenyewe lilimzuia kuja, ataadhibiwa na shule ya dola hilohilo kwa kutokuja. Wenzake watampa jina, jambazi au mfungwa, na jina la utani la shule, mnavyojua, hudumu kuliko hukumu ya hakimu. Siku zikiongezeka zikafika tisini mfululizo, jina lake halisi hufutwa. Hivyo ndivyo kijana asiye na kosa anavyoondolewa shuleni bila ya mtu yeyote kuamua kumwondoa.

Tena zipo kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002, ambazo ziliipa mamlaka ya shule uwezo wa kumfukuza aliyetenda jinai, kama wizi, au kosa dhidi ya maadili, awe ameshitakiwa au hakushitakiwa. Yatafakarini maneno hayo: awe ameshitakiwa au hakushitakiwa. Mahakama, yenye hakimu, mawakili na kiapo, hudai ushahidi usioacha shaka. Ilhali kikao cha shule kingeweza kumnyima mtoto elimu ya maisha yake kwa uvumi ambao hakimu asingekubali kuusikiliza. Kwa rai yangu kanuni hiyo ilikuwa dhuluma tangu siku ilipoandikwa, na hata pale isipotumika, fikra yake ingali ikiishi vichwani mwa wengi wanaosimamia shule. Majirani zetu wa Kenya nao walijaribiwa na fikra hiyo mwaka 2021, mabweni yalipokuwa yakichomwa, idara yao ya upelelezi ilipowaonya wanafunzi kwamba makosa yao yatahifadhiwa na kuonekana katika hati zao za mwenendo mwema. Naelewa ghadhabu ya mtu ambaye bweni lake limeteketea, na watoto wamekufa katika mabweni ya Kenya. Lakini kumwambia mtoto wa miaka 15 kwamba maisha yake yamekwisha kuandikwa ni kumwondolea sababu ya mwisho ya kusoma.

Wako hapa watu ambao wamekuwa wakinisikiliza kwa ukimya wa kupinga, nami nawaheshimu. Mwalimu ambaye nyumba yake ilivunjwa na wanafunzi wake anahitaji polisi, na anawahitaji usiku huohuo. Binti anayekimbizwa njiani na wavulana kwa kisingizio cha chagulaga, ile desturi ya kumtaka achague mmoja wao, anahitaji mtu mwenye nguvu kuliko wao. Sungusungu waliwarudishia wajane ng'ombe ambao mahakama zilishindwa kuwarudisha. Nisingethubutu kusimama mbele ya watu hao niwaambie kwamba ulinzi ni adui wa elimu. Nataka polisi awe karibu na shule kuliko alivyo sasa, na hatua iliyochukuliwa miaka ya karibuni ya kumweka mkaguzi wa polisi katika kata naiona ni ya hekima, kwa sharti kwamba mkaguzi huyo awajue watoto kwa majina kabla hajawajua kwa makosa. Huko Edinburgh, Uskochi, utafiti wa Lesley McAra na Susan McVie uliowafuatilia maelfu ya vijana walioanza sekondari mwaka 1998 ulifikia natija ambayo mzee yeyote wa Kisukuma angeikubali: kwamba kadiri kijana alivyozamishwa zaidi katika mashitaka na mabaraza ya kisheria ndivyo alivyochelewa kuacha makosa, na kwamba wengi walioonywa wakaachwa katika mikono ya jamaa na shule waliyaacha wenyewe.

Nasema mzee wa Kisukuma angeikubali kwa sababu utaratibu wa aina hiyo ulikuwako. Katika Usukuma wa kale, chini ya mtemi na ng'wanangwa wake, mkuu wa kijiji, vijana wa kijiji walikuwa na nsumba ntale, mkubwa wao, aliyeongoza kazi zao za pamoja na kuwajibika kwa mwenendo wao. Hans Cory aliyeandika sheria na mila za Wasukuma zikachapishwa mwaka 1953 alimweleza. Kijana aliyekosea alikutana kwanza na mtu wa rika lake aliyemjua, aliyelima naye shamba moja, na ambaye kesho yake angelima naye tena. Sitaki mtu adhani napendekeza turudi huko kwa kila kitu. Utaratibu ule haukumsomesha binti, na dagashida, lile baraza la jadi, iliweza kumtenga mtu na nyumba yake yote, adhabu ambayo ni kali kuliko baadhi ya vifungo. Ninachokitamani katika utaratibu huo ni jambo moja tu, nalo ni kwamba kumkanya kijana hakukumtoa kazini. Alikanywa akiwa ndani ya kazi, na kazi ikaendelea.

Mkoa wetu wa Simiyu una historia fupi, tangu mwaka 2012, lakini umeonyesha kuwa waweza kujipangia mambo ya elimu bila ya kungoja kusukumwa. Katika miaka ya Anthony Mtaka kuwa mkuu wa mkoa, makambi ya kitaaluma yaliwakusanya watahiniwa na walimu bora wakafundishana usiku na mchana, na nchi nzima ikaisikia Simiyu ikitajwa kwa kitu kingine mbali na pamba. Kambi, hata hivyo, humfundisha aliyemo katika daftari. Mkoa ulioweza kupanga makambi hauwezi kushindwa kupanga namna ya kumpokea mtoto atokaye kituoni.

Basi nawaomba wakuu wa shule mkubali kwamba siku ambazo mtoto alizuiwa na polisi, mgambo au sungusungu, au aliitwa mahakamani, ziandikwe kuwa ruhusa, na kwamba siku anayorudi asisimamishwe mstarini, bali mwalimu mmoja apewe jukumu la kumfundisha yaliyompita. Nawaomba wenyeviti wa vitongoji muwahimize wazazi wawapatie watoto vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa Sheria ya Mtoto yote. Nawaomba watendaji, kabla ya kumtia baba ndani kwa utoro wa mwanawe, mwende kwake bila mgambo, mkamwulize ni nani atakayechunga ng'ombe wake, kisha mlipeleke swali hilo katika mkutano wa kijiji, maana ni swali lenye majibu. Nawaomba mahakimu mashauri ya wanafunzi myapange siku za likizo iwezekanapo, na yamalizike kwa tarehe chache.

Nanyi maofisa wa polisi, ambao mmekuja kunisikiliza ijapokuwa mlijua sitawasifu tu, ombi langu kwenu ni dogo kuliko yote. Mtoto asitolewe darasani mbele ya wenzake. Akihitajika, mwalimu mkuu aarifiwe, mzazi aitwe, Dawati la Jinsia na Watoto limpokee kupitia mtu asiye na sare, na iwe baada ya kengele ya mwisho. Na shughuli ikiisha, askari aliyemchukua ndiye amrudishe, amkabidhi kwa mwalimu mkuu kwa kinywa chake mwenyewe. Jambo hili halihitaji bajeti wala kibali cha Dodoma. Mkuu wa kituo aweza kuliamuru kesho asubuhi kwenye gwaride.